Viinitete: kwa umri au kwa hatua?

SWALI: Nafundisha biolojia sekondari hapa Mbeya. Katika muhtasari wa wanafunzi niliandika: "Watafiti walivipanga viinitete kwa umri, kwa kupima kujieleza kwa jeni." Mwenzangu anasema sentensi ina kasoro. Iko wapi?

JIBU: Mwalimu, mwenzako yuko sahihi. Kasoro kubwa ni hiyo "umri".

Umri huhesabiwa kwa saa na siku. Hatua ni pale kiinitete kilipofikia katika kuumbika kwake, na joto huvitenganisha viwili hivi. Kiinitete cha inzi wa matunda huanguliwa baada ya siku moja hivi kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 18 muda huo hukaribia kuwa maradufu. Wanafunzi wako watakuelewa haraka ukiwatajia mahindi: yaliyopandwa siku moja Uporoto kwenye baridi na Kyela kwenye joto yana umri mmoja, lakini ya Kyela hubeba mapema.

Sasa tazama kinachopimwa. Kiinitete kimoja kimoja husagwa, kisha hupimwa RNA yake, yaani nakala ambazo jeni hutoa zinapofanya kazi. RNA ambayo mama aliiacha ndani ya yai huendelea kupungua, na ile inayotokana na jeni za kiinitete chenyewe huongezeka. Viinitete ambavyo vipimo vyake vinakaribiana huwekwa jirani, mpaka upatikane mstari mmoja. Hata huo mstari hausemi upande upi ndio mwanzo, mpaka itazamwe jeni ambayo inajulikana kuwa huanza mapema. Saa ngapi zimepita, hakuna aliyepima. Ukiandika "umri", unawapa watafiti dai ambalo hawakulitoa.

"Kujieleza" nako kuondoe. Mtu hujieleza kwenye usaili au mbele ya wazee, jeni haijielezi. Wapo wanaoandika "udhihirikaji wa jeni", na si kosa, ila kwa kidato cha tatu napendelea "utendaji wa jeni", maana kinachopimwa ni jeni ipi inafanya kazi na kwa kiasi gani.

Tena, ukiweka tu "hatua" mahali pa "umri", "kuvipanga kwa hatua" kunaweza kusikika kama kuvigawa mafungu, jinsi wanafunzi wanavyopangwa kwa madarasa. Taja mfuatano waziwazi: "Watafiti walivipanga viinitete kwa mfuatano wa hatua za ukuaji, kwa kupima utendaji wa jeni."

"Umri" utumie pale tu muda unapojulikana, kwa mfano "viinitete vya saa tatu tangu mayai yatagwe", na hapo utaje na joto.