Napaka mafuta kila siku, mbona nywele hazing'ai?

Swali: Shikamoo anti, mi naishi Mbagala, nywele zangu za asili, nikifumua rasta zinakuwa kavu kama katani, napaka mafuta kila siku wala hazing'ai, shida nini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mafuta yanafungia tu maji yaliyomo kwenye nywele, sasa we unapaka kwenye kavu yanafungia nini? Zilowanishe kidogo kwanza ndo upake ya nazi. Na kama unaoshea yale maji ya kisima ya chumvi, suuza mwisho na ya mvua, maana ile chumvi inagandia nywele zinafifia. Chana zikiwa na unyevu, chanuo la meno mapana, anzia nchani. Usiku funga kitambaa cha satini, foronya ya pamba inanyonya mafuta yote. Na rasta zikiuma fumua bwana, usijikaze eti urembo.