Anayekosa vipindi ndiye wa kuangaliwa kwanza

Swali: Nafundisha darasa la nane katika shule ya kati. Wanafunzi wangu wanakaribia kwenda shule ya upili, na baadhi yao hisabati inawapiga chenga. Muda uliobaki niutumie wote kurudia hisabati? Na nimhofie nani zaidi?

Jibu: Mwalimu, rudia, lakini usimalizie muda wote huko. Sehemu, namba hasi na milinganyo rahisi ndiyo misingi ya aljebra; shughulika na hizo.

Wa kuhofia ni anayekosa vipindi, hata kama alama zake ni nzuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shule ya upili katika shule za umma za jiji hilo. Ripoti yao ya 2007 ilionyesha kwamba mahudhurio yalitabiri kufeli masomo mara 8 zaidi ya alama za mtihani wa darasa la nane. Hata aliyeingia na alama za juu, kukosa wiki moja tu katika muhula kulimweka hatarini.

Naamini sababu kubwa ni mpangilio wa shule yenyewe. Kwako walimu wachache wanamjua mtoto vizuri. Huko shule ya upili kila somo lina mwalimu wake, kila mwalimu anaona pengo dogo la kipindi chake, na mapengo yanajumlika bila mtu kuyaona yote.

Kwa hiyo fungua daftari la mahudhurio sasa, ulisome kipindi kwa kipindi. Ukimwona anayekosa kila asubuhi, au somo lile lile kila mara, zungumza naye na mzazi wake mpaka mjue chanzo: usafiri, usingizi, au yeye anamwogopa mtu fulani. Kisha mfikishie mshauri wa wanafunzi wa shule anakokwenda jina pamoja na chanzo hicho. Jina peke yake halimsaidii.

Halafu wape kazi ya wiki mbili, uikague mara moja tu katikati, bila kuwakumbusha kila siku. Wengi watachelewa. Heri wachelewe kwako kuliko huko, ambako kufeli somo ni kupoteza krediti, yaani pointi za somo zinazohitajika ili kuhitimu, na kulirudia. Wazoeze pia kuomba msaada kwa kuonyesha walipokwama: “Nimefika hatua hii, inayofuata siielewi.” Mwanafunzi anayesema “sijaelewa” tu humwacha mwalimu mgeni bila pa kuanzia.