Bashraf ya okestra ikipigwa kwa piano mbili, ndo "imetafsiriwa"?

Swali: Asalam alaykum maalim. Mie nasoma muziki hapa Mjini Unguja. Tumechukua bashraf, yaani kipande cha ala tupu bila ya kuimba, inayopigwa na kikundi kizima cha taarab, fidla, udi, kanuni, nai na akodiani, tukaifanya ya piano mbili. Kwenye karatasi ya onyesho mwenzangu kaandika "imetafsiriwa kwa vinanda viwili". Sikio langu linakataa, jee niko sawa?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu, uko sawa kabisa. Kutafsiri ni kutoa maneno lugha moja ukayatia lugha nyengine, na bashraf yenu haina hata neno moja. Fundi akiikata kanzu ya baba akaishona upya imkae mtoto, kitambaa si ni kile kile? Basi hiyo ni kupanga upya, na kilichotoka ni mpangilio. Andikeni "mpangilio wa piano mbili". Msiandike "imepangiwa piano mbili" maana hapo mtu anaweza kusikia bashraf ndo iliyopewa hizo piano.

"Kutunga upya" pia hapana, mnamdhulumu mtunzi. Liszt, mpiga piano na mtunzi wa Ulaya, aliichukua Simfoni ya Tisa ya mtunzi Beethoven, okestra nzima na kwaya na waimbaji wanne, akaitia kwenye piano mbili, na simfoni ikabaki ya Beethoven, mpangilio ndo wa Liszt. Lakini na mpangaji mwandikeni jina lake, nalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu kazi yake si kunakili noti: fidla inaivuta sauti mpaka mpigaji atakapo, piano ukishaigonga sauti inaanza kufa pale pale, sasa ile noti ndefu ataishikaje? Ataitetemesha vidole? Atampa piano ya pili aijazie? Na kama bashraf iko kwenye maqamu ya Rasti, moja ya ngazi za sauti za Kiarabu, zile robo sauti, yaani sauti zinazokaa katikati ya vibonye viwili, piano haina kabisa, hapo lazima aamue mwenyewe aende juu kidogo au chini kidogo.

"Vinanda" nisingeandika. Kwetu kinanda ni neno pana, wazee wakilisikia wanafikiria ala ya nyuzi, vijana kibodi, kwa hivyo semeni piano, na wingi wake piano mbili, si mapiano. Na mkikaa wawili kwenye piano moja, hiyo ni "piano moja, mikono minne", msije mkaichanganya na hii.