Mwenyekiti mpya wa mtaa, siku ukiitwa usiku kushuhudia upekuzi wa kesi ya ugaidi

Ndugu zangu mlioingia kwenye uenyekiti na ujumbe wa mtaa uchaguzi wa Novemba 2024, najua mshaelezwa habari za usafi, mapato na migogoro ya mipaka, ila kuna jambo moja naona hamna anayewaambia na mimi nilijifunza kwa kuumia. Iko siku utagongewa mlango saa 8 usiku, jamaa hawana sare, mwenyekiti twende kuna nyumba tunapekua, ni mambo ya ugaidi. Likishatajwa hilo neno kila mtu anakuwa bubu na wewe mwenyewe ulimi unakuwa mzito.

Mimi nilienda. Askari wako chumbani wanapekua, mimi nimesimama koridoni naangalia watoto wanavyolia, baadae nikaletewa karatasi nikasaini maana nilitaka kurudi kulala tu. Imepita zaidi ya mwaka naitwa mahakamani, wakili ananiuliza hiki kitu kilitoka chini ya godoro au kwenye begi, ulikiona kikitolewa au ulikikuta kiko mezani? Sikuwa na jibu. Kijana wa watu yuko mahabusu muda wote huo na karatasi iliyompeleka ina saini yangu, na kama kweli alikuwa na hatia basi ushahidi wa serikali nao nimeuharibu mimi, yani pande zote mbili nimezikosea.

Kwahiyo kaa chumba kilekile kinachopekuliwa, macho kwenye mikono ya anayepekua. Wewe pale ni shahidi huru, si mtu wa askari wala si wakili wa mwenye nyumba. Omba kuona kitambulisho na hati ya upekuzi, na ujue hati kwa kawaida inatekelezwa kati ya jua kuchomoza na kuzama mpaka mahakama iwe imeruhusu muda mwingine, ila upo pia upekuzi wa dharura ambao hauhitaji hati, kwahiyo usibishane, uliza kwa heshima halafu andika ulichojibiwa. Hati ya ukamataji mali, yaani orodha ya vitu vilivyochukuliwa, isome mstari kwa mstari, imeandikwa simu 2 basi uzione simu 2, sehemu iliyobaki wazi ipigwe mstari kabla hujasaini, mwenye nyumba asaini na abaki na nakala. Kwenye daftari lako andika saa, namba ya gari, na kituo anachopelekwa, maana asubuhi familia inakuja kwako, haiji kwa mtu mwingine. Waambie watafute wakili mapema sana, sheria inatoa saa 4 za mwanzo za kumhoji mtu tangu akamatwe na muda unaweza kuongezwa, na maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikishwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani, yakishaandikwa ndio yatakayomfuata mpaka mwisho wa kesi.

Sisemi ugaidi ni hadithi jamani. Agosti 7, 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Dar watu 11 wakafa, na 2017 kule Kibiti, Rufiji na Mkuranga waliuawa wenyeviti wa vijiji na watendaji, watu wa cheo kama hiki chetu. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 ina sababu ya kuwepo. Lakini kesi yake haina dhamana, inaanzia mahakama isiyo na mamlaka ya kuisikiliza, kwahiyo inatajwa tu, kila wiki 2 mnaambiwa upelelezi haujakamilika. Masheikh wa Uamsho, kikundi cha Kiislamu cha Zanzibar, walikaa ndani miaka kwa kesi ya ugaidi mpaka DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka wa serikali, alipoondoa mashtaka Juni 2021. Mbowe mwenyewe, wakati huo mwenyekiti wa chama kizima cha upinzani, Chadema, ana mawakili na nchi nzima inaangalia, alikamatwa Julai 2021 akatoka Machi 4, 2022 baada ya DPP kusema hana nia ya kuendelea. Sasa fikiria dereva bodaboda wa mtaani kwako, yeye ana mama yake na wewe.

Halafu mdomo. Kwenye mkutano wa mtaa usije ukasema gaidi wetu kakamatwa, Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Mimi nimeona mke wa mtuhumiwa anafukuzwa kwenye chumba cha kupanga wiki hiyohiyo, watoto wanaitwa watoto wa gaidi bombani. Nilienda kwa mwenye nyumba mara 3 ndo akakubali wamalizie kodi waliyolipa, hiyo ni kazi yako pia hata kama haimo kwenye makabrasha ya semina.

Na mama yake atakuja kuomba barua ya utambulisho wa mwanae kama watu wa dhamana wanavyokuja, wengine watakwambia usiiandike usijiingize. Mweleze ukweli kwamba haitamtoa leo, ila iandike, kaishi hapa tangu lini na anafanya kazi gani, yale unayoyajua kweli tu, piga muhuri, weka tarehe ya siku hiyohiyo, na nakala moja baki nayo wewe.