Doa lisilotoka kwa sabuni: lijue kabla hujashika tina

Msomaji wetu wa Sakina, Arusha, ametuma picha ya boneti nyeupe iliyojaa vidoti vya rangi ya kutu, anauliza kama tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, itavitoa. Haitavitoa. Hivyo ni chembe za chuma zilizoruka kutoka kwenye grenda au breki, zikanasa kwenye rangi, zikapata unyevu. Tina haiyeyushi chuma. Itakachoyeyusha ni rangi yenyewe, hasa mlango au bampa lililopigwa rangi upya gereji.

Anza kwa kuosha gari kivulini, bodi ikiwa ya baridi, kwa shampuu ya gari na si sabuni ya unga. Kisha vaa mfuko laini wa mkate mkononi, upitishe vidole taratibu juu ya doa. Likikwaruza, uchafu umekaa juu ya rangi na unatoka. Likionekana bila kushikika, limeshaingia kwenye klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi.

Vidoti vya chuma vina dawa yake: dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, inayogeuka zambarau ikikutana nazo. Nyunyiza, subiri dakika 3 hadi 5, suuza kwa maji mengi kabla haijakauka. Vikibaki, chukua udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari (clay bar), tonge la ukubwa wa nusu kiberiti. Libonyeze liwe bapa, lowesha bodi kwa maji ya shampuu, telezesha bila kukandamiza. Likichafuka, likunje upate upande safi. Likidondoka chini, litupe, maana mchanga uliolinasa utachora bodi nzima. Ukimaliza paka nta, kwa sababu ile ya zamani imeondoka pamoja na uchafu.

Vidoti vyeusi nyuma ya matairi ni lami. Lowesha kitambaa cha pamba kwa mafuta ya taa kidogo, bandika nusu dakika, futa, kisha osha tena kwa shampuu. Fanya hivyo injini ikiwa ya baridi na mbali na moto. Petroli iache kwenye tangi.

Ukiegesha chini ya mti, mjakaranda au mwembe, utakuta matone yanayonata. Usiyakwangue kwa kucha: utomvu uliokauka na vumbi ni msasa kamili. Bandika kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30, futa, rudia.

Duara jeupe la maji ya kisima yaliyokaukia juani hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika moja tu, kisha suuza. Kinyesi cha ndege kiloweshe dakika 10 kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Alama ikibaki baada ya hapo, klia imeshaliwa. Jaribu polishi laini kwanza, kwa mkono. Kompaundi, yaani polishi kali inayosaga, ije mwisho, na si kila mwezi kama baadhi ya waosha magari wanavyofanya. Klia ya kiwandani ina unene wa takribani mikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele, na kila kompaundi inaipunguza. Kitambaa kikianza kutoka na rangi ya gari, ama sehemu hiyo haina klia au imeisha. Acha hapo hapo, lipeleke gari kwa fundi wa rangi.