Jibu: Eva Aariak alipataje uwaziri mkuu bila chama?
Mkuu uliyeuliza Eva Aariak aliwezaje kuwa waziri mkuu wa Nunavut, kule kaskazini mwa Kanada, bila chama, iko hivi, bunge lao halina vyama kabisa, kila mtu anagombea kivyake halafu wabunge wenyewe wanakutana ndo wanamchagua kiongozi. 2008 mama alishinda Iqaluit East, mwanamke pekee aliyepita uchaguzi ule, na mwezi uliofuata wenzake wakampa kiti akambwaga Paul Okalik aliyekikalia tangu 1999. Ila mi kinachonigusa zaidi ni kazi yake ya kabla, alikuwa kamishna wa lugha, na intaneti kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit wenyeji wa huko, akaiita ikiaqqivik, yaani kusafiri kupita matabaka kama walivyosafiri waganga wao wa zamani kutafuta habari za ndugu walio hai au waliokufa! Hapo ndo nampendea.