Kupiga muziki wa Baroko kwenye kinanda cha sampo: kaa na kinanda kimoja kwanza

Kama ndo unaanza kupiga Bach au Buxtehude, watunzi wa enzi ya Baroko, kwenye kompyuta yenye sampo (sauti zilizorekodiwa) za kinanda cha mabomba, ushauri wangu wa kwanza ni huu, acha kukusanya vinanda. Najua programu ya GrandOrgue ni ya bure na sampo za bure zipo kibao, na ukiwa na programu nyingine, Hauptwerk, unaweza kununua kinanda cha kanisa kubwa la Ulaya kikakaa kwenye laptopu yako hapa Dar au Nairobi, ambako vinanda vya mabomba ni vya kuhesabu, kwa hiyo tamaa inakuja yenyewe. Lakini ile sampo ni kinanda fulani, kilichojengwa na fundi fulani, ndani ya kanisa lenye mwangwi wake, na kila bomba limerekodiwa noti moja moja. Ukikifanya rundo la sauti za kuchagua chagua, muziki wa Baroko hautakaa sawa hata upige vizuri namna gani.

Mi kinanda kipya naanza nacho hivi. Nafungua Prinsipali, stopu ya msingi (stopu ni safu ya mabomba unayoifungua), ya futi 8 (8 ni kimo cha kawaida, 4 ni oktava juu, 16 ni oktava chini) ya manueli kuu, yaani kibodi kuu ya mikono, peke yake, bila kitu kingine, napiga taratibu kuanzia noti ya chini kabisa mpaka ya juu, nasikiliza wapi inaongea kwa uzito, wapi inaimba, wapi inakuwa nyembamba. Alafu futi 4 peke yake, alafu fluti, alafu zile stopu za ulimi (reed, kama tarumbeta). Inachosha kidogo, hasa kinanda kikiwa kama kile cha Zwolle kule Uholanzi, kazi ambayo wana wa fundi wa vinanda Arp Schnitger waliimalizia mwaka 1721 baada ya baba yao kufariki, kina manueli 4 na stopu 64, lakini ukishamaliza hiyo kazi huhitaji tena kubahatisha. Na utashangaa muziki mwingi unaweza kusimama juu ya stopu moja tu. Bach mwenyewe kwenye konseto ya Vivaldi aliyoigeuza ya kinanda, BWV 596 (BWV ni namba ya orodha ya kazi zake), ameandika kwa mkono wake mwanzo upigwe kwa Oktava (nayo ni prinsipali) ya futi 4 kwenye manueli zote mbili, na pedali, kibodi ya miguu, Prinsipali ya futi 8. Basi. Hakuna mikscha (stopu ya mabomba madogo ya juu yanayolia kwa pamoja), hakuna futi 16, na inawaka kabisa.

Sasa pleno, yaani sauti kamili ya kinanda, maana hapa ndo wengi wanaharibu. Kwenye programu ukibonyeza stopu zote inatoka sauti kubwa na unaona umefika, ila ukisikiliza fyuga (kipande ambacho sauti kadhaa zinafuatana na wimbo mmoja) huwezi kufuata sauti ya katikati hata kidogo. Pleno ya kaskazini mwa Ujerumani inajengwa na familia ya prinsipali, 8, 4, 2⅔, 2, alafu mikscha juu yake, na 16 kwenye manueli kama kinanda kinayo na muziki unaibeba. Fluti ziache nje kwanza, zinanenepesha katikati bila kuongeza mwanga. Pedali inapata prinsipali zake na Posaune (stopu ya ulimi) ya 16, na vinanda vikubwa vya Schnitger pedali ina kwaya yake kamili inayojitegemea, kwa hiyo usikimbilie kapla (kiungo cha manueli na pedali). Ukivuta kapla unaongeza mikscha ya manueli kwenye besi na mstari wa pedali unapotea kwenye zile sauti nyingine.

Kuna kisa alichosimulia Carl Philipp Emanuel Bach, kwamba baba yake akienda kukagua kinanda kipya kitu cha kwanza anavuta stopu zote na kupiga kwa nguvu yote, anasema kwa utani lazima ajue kama kina mapafu mazuri. Sampo ina mapafu yasiyokwisha, hilo ndo tatizo lake. Kinanda halisi upepo ukipungua kidogo kwenye akodi nene mpigaji anasikia na anajizuia. Hauptwerk inaweza kuiga upepo huo kama sampo imeandaliwa hivyo, washa, inasaidia sana. Kama haipo basi wewe mwenyewe jiwekee mipaka, yaani usivute prinsipali tatu za futi 8 kwa pamoja kisa tu kompyuta inaruhusu.

Pale Bach alipoandika kitu, mtii. Kwenye Orgelbüchlein, kitabu chake cha korali (nyimbo za kanisa) za kinanda, ile BWV 600, ameandika Prinsipali 8 kwenye manueli na Tarumbeta 8 kwenye pedali. Pedali hapo imebeba wimbo kwenye sauti ya tenor, na besi iko mkono wa kushoto, sasa ukiongeza 16 kwa mazoea tu eti ni pedali, hiyo tenor inageuka besi na kanoni (sauti mbili zinazofuatana na wimbo uleule) yote inapinduka. Hivo hivo kwenye korali za Schübler, BWV 646 pedali ni futi 4, na ukienda juu juu kwenye programu utajikuta umeweka Subbass (stopu ya besi ya futi 16) kwa sababu mikono imeshazoea. Kabla ya kuvuta stopu yoyote ya pedali jiulize huu mstari ni besi au ni wimbo.

Wafaransa ni dunia nyingine, na kwa kweli kupiga Couperin au de Grigny, watunzi wao, kwenye sampo ya Kijerumani mi sipendi. Kwao jina la kipande ndo maagizo yenyewe ya stopu. Plein jeu ni prinsipali na mikscha. Grand jeu ni tarumbeta, clairon, cromorne (zote za ulimi) na kornet (stopu ya mabomba kadhaa kwa noti moja), na mikscha hazimo kabisa, hapo ukiweka mikscha umepotea. Tierce en taille ndo ninayoipenda kuliko zote, mkono wa kushoto unaimba kwenye positif (manueli ya pili, ndogo) na 8, 4, 2⅔, 2 na 1⅗, mkono wa kulia unasindikiza na stopu laini za 8 na 4, pedali fluti. Ile 1⅗ inatakiwa iwe pana na yenye nguvu kama mafundi wa Kifaransa walivyoitengeneza, Sesquialtera ya Kijerumani, stopu inayokaribiana nayo, haifanyi kazi ile. Tafuta hata sampo ndogo ya Kifaransa, hata ya manueli mbili.

Pistoni pia nazo, vile vitufe vya kubadilisha stopu nyingi kwa mpigo. Enzi hizo hapakuwa na pistoni, mtu alibadilisha manueli au msaidizi alivuta stopu pale muziki unapopumua. Kwa hiyo ukipiga prelude ya Buxtehude kama ile ya G ndogo (minor), BuxWV 149 (namba ya orodha ya kazi zake), tumia hizo sehemu zake, sehemu huru, fyuga, sehemu huru tena, hapo kati ndo badilisha, ama hamia manueli nyingine tu. Kubadilisha rangi kila mstari kama simu inayowakawaka kunakata pumzi ya muziki.

Kuhusu vidole, mwangwi wa sampo umeshikiliwa kwenye mkia wa kila noti, na seti nzuri zina mikia tofauti kwa noti fupi na ndefu. Ndo maana mguso wa Baroko, noti ya kawaida inaachana kidogo na inayofuata, unasikika vizuri sana kwenye sampo na legato nzito (noti zilizoungana) inakuwa uji. Kanisa likiwa na mwangwi mrefu punguza spidi na achanisha zaidi besi. Seti ikiwa na maikrofoni za mbele na za nyuma, punguza za nyuma unapopiga fyuga. Na jirekodi, programu zote mbili zina kitufe hicho, alafu sikiliza ukiwa umekaa mbali na kibodi, maana ukiwa unapiga masikio yako yanafuata vidole.

Tuning ya asili usiiguse mapema. Kama kinanda kimetuniwa kwa meantone, tuning ya zamani, C na G na F ni tamu kuliko chochote ulichowahi kusikia kwenye kibodi ya kawaida, ila A♭ hakuna, kuna G♯ tu, kwa hiyo F ndogo inalia vibaya. Hiyo inakuambia Sweelinck, mtunzi wa kabla ya Bach, anakaa pale na Bach mwingi hakai. Kwa Bach badilisha kwenda Werckmeister III, tuning inayobeba funguo nyingi zaidi, GrandOrgue inayo kwenye menyu.

La mwisho ni la kifundi. Ukipiga pleno na mikia ya mwangwi inakatika ghafla, usianze kutoa stopu. Akodi ya noti 8 na stopu 12 tayari ni sauti 96, bado mikscha yenye safu kadhaa na mikia ya noti zilizopita. Ongeza idadi ya polifoni (sauti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja) kwenye settings, na kama RAM ni ndogo pakia sampo kwa biti 16 badala ya 24, kwenye laptopu za kawaida tofauti yake utaisikia kwa shida sana.